Besi inayonguruma nyumbani na kupotea kanisani: je, ninunue gitaa jipya?

“Mwalimu, shikamoo. Mimi ni mpiga besi wa kwaya kanisani, huu ni mwaka wa nne. Nina gitaa la besi la nyuzi nne, la mtumba, lenye sumaku mbili za kunasa mtetemo wa nyuzi na lisilotumia betri. Nikipiga nyumbani kwa spika yangu ndogo, sauti ni tamu, nzito, imejaa. Nikifika kanisani, ambako nachomeka waya moja kwa moja kwenye mikisa, ile mashine ya kuchanganyia sauti, sauti ile siioni tena: inabaki ngurumo inayotambaa sakafuni, watu wanasema besi imezidi, na mimi mwenyewe sisikii noti ninazopiga. Fundi mitambo akipunguza, napotea kabisa. Akiongeza, ukumbi unatetemeka. Nampenda sana mpiga besi James Jamerson, na nimesoma kwamba hakuwa akibadilisha nyuzi, nami sijazibadilisha tangu nilinunue gitaa hili nilipoanza. Wenzangu wananishauri niliuze nitafute la nyuzi tano la betri, au Fender halisi hata kama ni la zamani. Nina akiba ya shilingi milioni moja na laki mbili. Ninunue lipi? Kuna jambo jingine dogo: nikiitikia wimbo na mdomo ukagusa maikrofoni iliyo mbele yangu, ile ya amplifaya ya zamani ya kanisa, wakati mwingine nahisi umeme ukinichoma midomoni. Je, hilo linatokana na gitaa?”

Marahaba, ndugu yangu. Nitaanza na jambo uliloliita dogo, kwa sababu katika yote uliyoyaandika hilo ndilo pekee linaloweza kukuua.

Nyuzi za gitaa lako zimeunganishwa na waya wa ardhi kupitia daraja, yaani kile chuma kinachozishikilia upande wa kiwiliwili cha gitaa. Waya huo unapita ndani ya kebo yako hadi kwenye bati la mikisa, na kutoka hapo unapaswa kwenda kwenye pini ya tatu ya plagi na kuishia ardhini. Chuma cha maikrofoni nacho kimeunganishwa vivyo hivyo na amplifaya yake. Vyombo vyote viwili vikiwa na ardhi nzuri, hakuna tofauti ya umeme kati ya mkono ulio kwenye nyuzi na mdomo ulio kwenye maikrofoni, na huwezi kuhisi chochote. Kimoja kikikosa ardhi, au kikiwa na hitilafu ndani, mwili wako ndio unaokuwa njia ya umeme: unaingia mdomoni, unapita kifuani na kutokea mkononi. Leslie Harvey, mpiga gitaa wa bendi ya Stone the Crows, alifariki jukwaani Swansea, nchini Wales, mwaka 1972 baada ya kugusa maikrofoni katika mazingira ya namna hiyo hiyo. Kwa hiyo kosa haliko kwenye gitaa. Usiimbe tena kwenye maikrofoni ile ukiwa umeshika gitaa mpaka fundi umeme mwenye leseni apime soketi, waya wa ardhi wa jengo na ile amplifaya ya zamani. Kuivalisha maikrofoni sponji si tiba. Na mtu akikushauri ukate pini ya ardhi kwenye plagi ili kuondoa mvumo, mkatalie, kwa kuwa anakuondolea kinga pekee uliyo nayo.

Sasa tuje kwenye sauti. Wewe na wenzako mmekubaliana kwamba gitaa ndilo mgonjwa, na mnabishana tu juu ya dawa ipi inunuliwe. Mimi sikubaliani na utambuzi wenyewe. Gitaa linalotoa sauti tamu nyumbani na mbaya kanisani, likipigwa na mikono ile ile, si gitaa baya. Kilichobadilika ni spika, ukumbi, waya na vyombo vinavyolizunguka, na hivyo vyote vitakungoja pale pale hata ukija na gitaa la bei mara kumi.

Ili uone kinachotokea, tuanze na uzi wenyewe. Uzi wako mnene kuliko wote, ukiupiga wazi, unatoa noti ya E na unatetemeka mara 41 kwa sekunde. Lakini hautetemeki kwa namna moja tu. Wakati huo huo nusu zake zinatetemeka mara 82, theluthi zake zaidi kidogo ya mara 123, robo zake karibu mara 165, na mlolongo unaendelea kupanda hadi juu ya mitetemo 1,000. Ile 41 niiite sauti ya msingi, na zile nyingine niziite sauti fuatizi. Sauti ya msingi ndiyo inayotikisa kifua, lakini sauti fuatizi ndizo zinazoliambia sikio kwamba hii ni E wala si F, kwamba noti imeanza sasa na imeishia hapa, na kwamba anayepiga ni mtu fulani wala si mwingine. Mpiga besi anapolalamika kwamba hasikii noti zake huku jengo linatetemeka, karibu kila mara sauti ya msingi ipo kwa wingi na sauti fuatizi zimepotea njiani.

Spika yako ndogo ya nyumbani haina uwezo wa kutoa mitetemo 41 kwa nguvu yoyote ya maana. Uzito unaousikia unatoka kwenye sauti fuatizi: sikio likipokea 82, 123 na 165 kwa pamoja, linajijazia lenyewe ile 41 ambayo haipo. Huu ni uwezo wa ajabu wa usikivu wetu, na ndio unaofanya besi itambulike hata kwenye redio ndogo. Zaidi ya hapo, sikio la binadamu ni zito kwa sauti za chini zinapopigwa kwa nguvu ndogo. Mwaka 1933 watafiti Fletcher na Munson wa maabara za Bell, Marekani, walichora jinsi usikivu huo unavyobadilika: kadiri sauti nzima inavyopungua, ndivyo besi inavyofifia masikioni haraka kuliko sauti za kati. Kwa hiyo ukiwa chumbani, saa za usiku, unapiga kwa sauti ndogo ili usiwasumbue majirani, unaongeza kitufe cha besi na kupunguza kile cha kati mpaka pakunogee. Spika ndogo inakusamehe. Mpangilio ule ule ukiupeleka kanisani, kwenye spika kubwa zinazoweza kweli kushuka hadi chini, na kwa sauti kubwa ambayo sikio linaisikia besi vizuri, kila ulichokiongeza usiku kinatoka kwa ukamilifu wake. Unafika na besi nyingi kupita kiasi na sauti za kati haba, kisha unashangaa kwamba noti hazisikiki.

Ukumbi nao unachangia. Wimbi la sauti la noti ile ya E lina urefu wa zaidi ya mita 8, na la noti ya A, uzi wa pili, lina takriban mita 6. Hivi ni vipimo vinavyokaribiana na upana wa majengo mengi ya ibada, na kuta za saruji hazimezi mawimbi hayo hata kidogo; zinayarudisha. Wimbi linalokwenda likikutana na linalorudi, mahali fulani yanaongezeana na mahali pengine yanafutana. Ndiyo maana mama aliyeketi karibu na ukuta wa nyuma analalamika kwamba besi inampiga kifuani, na wewe uliye mita chache kutoka kwenye spika husikii kitu, na nyote wawili mnasema kweli. Spika ikiwekwa kwenye kona, sakafuni, kuta mbili na sakafu zinaisaidia kuvuma zaidi. Kuisogeza kutoka konani na kuiinua juu ya sakafu hakuna gharama, na mara nyingi kunaleta nafuu unayoisikia papo hapo.

Halafu kuna majirani zako katika muziki. Ngoma kubwa ya miguu inakaa humo humo mlimo na sauti yako ya msingi. Mpiga kinanda wa kwaya, hasa aliyezoea kuongoza ibada peke yake kabla hamjapata mpiga besi, hupiga besi kwa mkono wa kushoto bila hata kufikiri, na noti zake zikitofautiana na zako kwa nusu sauti tu panazuka ule mvumo mzito usio na jina. Zungumza naye kwa heshima, nje ya mazoezi, umwombe mkono wa kushoto upande juu ya C ya kati au upumzike kabisa wewe unapopiga. Nimeona bendi zikitumia fedha nyingi kwa vifaa ambavyo mazungumzo hayo yangevifanya visihitajike. Mwombe pia fundi mitambo abonyeze kitufe cha kukata sauti za chini kwenye kila maikrofoni ya waimbaji, kwa sababu maikrofoni hizo zinanasa ngurumo yako jukwaani na kuirudisha tena ukumbini kwa kuchelewa kidogo. Kwenye mfereji wako wa besi, yaani njia ya gitaa lako ndani ya mikisa, kitufe hicho kisibonyezwe.

Jambo ambalo naamini linakuumiza kuliko yote, hata hivyo, limo katika maneno yako machache: “nachomeka waya moja kwa moja kwenye mikisa.” Gitaa lisilo na betri linatoa umeme dhaifu sana kutoka kwenye sumaku zenye maelfu ya mizunguko ya waya mwembamba, na limeundwa kuingia kwenye tundu lenye ukinzani mkubwa, wa karibu omu 1,000,000, kama lile la amplifaya ya gitaa. Tundu la kawaida la mikisa, lile la kinanda na vyombo vya namna hiyo, mara nyingi lina ukinzani wa kama omu 10,000. Kwa gitaa lako huo ni mzigo mzito mno, na sehemu ya kwanza kuporomoka ni sauti za juu na za juu ya kati, yaani sauti fuatizi zile zile tulizosema ndizo zinazobeba noti. Sauti ya msingi inapita, ingawa imedhoofika, fundi anafungua mfereji wako ili akupate, na kinachokuja ni tumbo bila uso. Tiba yake ni kisanduku cha DI, kifaa kidogo kinachokaa kati ya gitaa na mikisa, kinachopokea gitaa kwa ukinzani mkubwa na kuipeleka sauti kwenye mikisa kwa waya ule ule wa maikrofoni. Chagua kile kinachotumia betri au umeme wa mikisa, si kile cha sumaku tupu, kwa sababu gitaa lako halina nguvu za ziada. Kabla ya kununua, tazama mikisa yenu: nyingine zina tundu au kitufe chenye alama ya Hi-Z, na hicho kinafanya kazi hiyo hiyo bila gharama yoyote.

Hapa lazima niwatendee haki wenzako. Gitaa la betri lina kikuza sauti kidogo ndani yake, kwa kawaida cha volti 9, na kikuza sauti hicho kinaweza kulisukuma tundu la mikisa bila shida. Mtu akitoka kwenye gitaa kama lako akaenda kwenye la betri na kuchomeka pale pale, atasikia noti zake zimefunguka, na atasema kwa dhati kwamba gitaa jipya ni bora. Alichokisikia ni kweli. Sababu anayoitoa ndiyo yenye kasoro. Kisanduku cha DI kingempa sehemu kubwa ya nafuu hiyo kwa fedha kidogo zaidi.

Ukishakuwa na njia safi ya kuingia, weka vitufe vyote vya gitaa wazi, na vya mikisa katikati, kisha uanze kupunguza badala ya kuongeza. Ngurumo nyingi iko kati ya mitetemo 200 na 300. Fundi akiwa na kitufe cha kati kinachohamishika, apunguze hapo kidogo. Uwazi wa noti na mguso wa kidole uko kati ya 700 na 1,000. Aongeze hapo kidogo. Fahamu kwamba kwenye mikisa nyingi ndogo kitufe cha kati kimefungwa kwenye mitetemo 2,500, ambako besi inatoa zaidi mkwaruzo wa nyuzi kuliko noti, kwa hiyo kisipokusaidia usidhani umekosea. Ukiipiga besi hiyo peke yako utaiona kavu, hata mbaya. Usiihukumu peke yake. Mwombe mtu apige kwa niaba yako huku kwaya ikiimba, usimame katikati ya waumini, usikilize. Sauti inayopendeza ikiwa uchi mara nyingi hupotea ikivikwa kwaya nzima, na ile iliyoonekana kavu hujitokeza.

Sasa tumfikie Jamerson, ambaye nami namheshimu kuliko mpiga besi mwingine yeyote. Alizaliwa South Carolina mwaka 1936 na akafanya kazi yake kubwa Detroit, katika studio ya Motown, miaka ya 1960 na mwanzoni mwa miaka ya 1970, muda mrefu akiwa hajulikani hata kwa jina kwa sababu kampuni hiyo haikuwa ikiandika majina ya wapigaji kwenye sahani. Alianza kwa besi kubwa ya kusimama, na ukimsikiliza kwa makini unaisikia bado ikitembea ndani ya gitaa lake la Fender Precision la mwaka 1962. Ni kweli kwamba hakupenda kubadilisha nyuzi mpaka zikatike. Lakini nyuzi zake zilikuwa La Bella nene, za waya bapa, zilizo laini zikiguswa. Chini ya kifuniko cha daraja kulikuwa na sponji iliyozibana kidogo. Na mkono wake wa kulia ulitumia kidole kimoja tu, cha shahada. Nyuzi za waya bapa hazina mifereji ya kukusanya jasho na uchafu. Zinapozeeka zinapoteza mng'ao wake mdogo na kubaki na noti nene, fupi, yenye umbo.

Nyuzi zinazokuja na magitaa mengi ya mtumba ni za waya wa mviringo, zile zinazokwaruza vidole. Sifa yake ni mng'ao, na mng'ao huo unaishi kwenye mifereji iliyo kati ya mizunguko ya waya. Jasho, mafuta na vumbi vikijaa humo, uzi unakuwa mzito mahali fulani na mwepesi pengine, sauti fuatizi zinafifia, na zinazobaki haziwiani tena sawasawa na sauti ya msingi. Ndiyo sababu uzi wa namna hiyo ukizeeka unagoma kukaa sawa: wazi uko sahihi, kwenye freti ya 12, yaani kile kipande cha chuma cha kumi na mbili shingoni, umepotoka. Kwa hiyo miaka yako minne bila kubadilisha nyuzi haijakusogeza karibu na Jamerson. Imekupa nyuzi zilizokufa, zikiingia kwenye tundu la mikisa linaloua kile kidogo kilichobaki. Wapiga besi wengi huchemsha nyuzi kwenye maji ili kuyeyusha mafuta, na inasaidia kweli kwa muda mfupi, mradi uzikaushe kabisa kabla ya kuzirudisha zisipate kutu. Nyuzi za miaka minne, lakini, usizichemshe. Zitupe.

Ukiutaka mwelekeo wa Jamerson, nunua seti ya nyuzi za waya bapa na ukubali kwamba zitadumu miaka mingi. Kabla ya hapo, jaribu kitu kisicho na gharama: kata kipande cha sponji la godoro, ukipenyeze chini ya nyuzi karibu kabisa na daraja, kiziguse bila kuzinyamazisha. Utashangaa. Noti inakuwa fupi, inaanza kwa uwazi na kuisha kabla ukumbi haujapata muda wa kuvuma nayo. Katika jengo la saruji lenye mwangwi, urefu wa noti una uzito kuliko kitufe chochote cha sauti, kwa sababu mawimbi ya chini yanahitaji muda kujirundika kati ya kuta, na noti iliyokatwa mapema inayanyima muda huo. Baadaye jifunze kufanya kazi ya sponji kwa mikono yako: mkono wa kushoto unaolegea bila kuachia uzi, na vidole vya mkono wa kulia vinavyozima uzi unaofuata. Hapo ndipo wapiga besi wakubwa wanapotofautiana na sisi wengine, na duka haliuzi kitu hicho.

Mfano wa upande wa pili utakusaidia kuona mipaka ya vifaa. Jaco Pastorius naye alitumia Fender ya mwaka 1962, lakini Jazz Bass, iliyoondolewa freti na kupakwa epoksi kwenye ubao wa vidole. Nyuzi zake zilikuwa Rotosound za waya wa mviringo. Na alipendelea sumaku ya nyuma, akichapa karibu na daraja. Karibu na daraja uzi ni mgumu, mtikiso wake ni mdogo, na uwiano wa sauti fuatizi ni mkubwa. Karibu na shingo ni kinyume chake. Wewe una sumaku mbili kama yeye. Nyumbani leo, funga ya mbele, acha ya nyuma, upige karibu na daraja. Kisha fanya kinyume. Hizo ni sauti mbili ambazo watu wengi wanazinunua kama magitaa mawili. Kanisani ningekushauri uanze na ya nyuma ikiwa wazi yote na ya mbele ikiwa imepunguzwa kiasi.

Wala huhitaji kwenda Detroit kila mara. Sikiliza tena “Sina Makosa” ya Les Wanyika, kundi lililozaliwa Nairobi mwaka 1978, ambamo Tom Malanga alipiga besi. Usisikilize uzito, sikiliza mahali anaponyamaza. Besi ile inasema neno, inaachia ridhimu na solo nafasi, inarudi, na kwa kuwa haijazi kila pengo, kila noti yake inajulikana hata kwenye spika ya simu. Kisha msikilize Bakithi Kumalo wa Soweto kwenye “Graceland” ya Paul Simon ya mwaka 1986, ambako besi yake isiyo na freti inaimba juu ya mlio wa chini kabisa, kwenye sauti za kati, na hakuna anayesema imepotea. Vifaa vya watu hawa wote havifanani. Kinachofanana ni kwamba noti zao zina mwanzo na mwisho.

Kuhusu ununuzi wenyewe, nikujibu waziwazi. Uzi wa tano unatoa noti ya B yenye mitetemo 31 kwa sekunde, na wimbi lake lina urefu wa mita 11. Kwa tatizo ulilo nalo, utakuwa umeongeza kuni kwenye moto ule ule. Una manufaa ya kweli kama kwaya yenu inaimba sana kwenye D au E bemoli na unahitaji kushuka chini ya uzi wa E, au kama mnapandisha ufunguo katikati ya wimbo na unataka kubaki mahali pamoja kwenye shingo. Kama sivyo, ngoja. Fender halisi ni gitaa zuri. Precision imekuwapo tangu mwaka 1951 na Jazz Bass tangu 1960, na nusu ya muziki tunaoupenda imepigwa kwa hizo mbili. Lakini zile za Marekani za kabla ya kampuni kuuzwa kwa CBS mwaka 1965 zina bei za wakusanyaji, na anayekuletea moja kwa akiba yako anakuletea jina lililobandikwa kichwani. Ikifika siku unataka gitaa jingine, Squier, ambayo ni ya Fender wenyewe, au Yamaha ya daraja la kati, vitakutumikia kwa uaminifu zaidi ya “Fender ya zamani” usiyoweza kuithibitisha.

Kwa fedha zako, ningeanza na kisanduku cha DI, seti ya nyuzi, na ada ya fundi wa magitaa. Kinachobaki, ambacho kitakuwa sehemu kubwa, kiweke kwa ajili ya amplifaya ya besi iliyotumika, ya kukaa nyuma yako ili ujisikie bila kumlazimisha fundi mitambo akufungue ukumbini. Iwe ya besi kweli, kwa sababu spika ya amplifaya ya solo inaweza kupasuka kwa mitikiso ya chini. Usivutwe na namba za wati: sikio huona sauti imeongezeka maradufu pale nguvu inapoongezeka karibu mara kumi, kwa hiyo tofauti kati ya wati 100 na 150 ni ndogo kuliko bei inavyodai. Iweke juu ya kiti au meza imara, ikielekea masikioni, si magotini.

Fundi wa magitaa nimemtaja kwa makusudi, na huyo ni wa kumwona ana kwa ana, kwa sababu shingo ya gitaa haitibiwi kwa maandishi. Nyuzi za waya bapa mara nyingi zina mvuto tofauti na za zamani, na shingo itahitaji kurekebishwa ile fimbo ya chuma iliyo ndani yake. Unaweza kujipima mwenyewe kwanza: bonyeza uzi wa E kwenye freti ya kwanza na kwenye freti ya mwisho kwa wakati mmoja, utazame katikati. Pakiwa na mwanya mdogo wa kupitisha kadi nyembamba, shingo iko vizuri. Uzi ukilala kabisa juu ya freti, au mwanya ukiwa mkubwa, mpelekee. Mpelekee pia kama noti ya freti ya 12 haiwiani na uzi wazi hata baada ya kuweka nyuzi mpya, au kama mvumo unaisha pale unapogusa nyuzi na kurudi unapoziachia. Usiizungushe fimbo ile kwa nguvu ukiwa nyumbani. Ikikatika, gharama yake itazidi bei ya gitaa.

Fanya mambo haya kwa mfuatano: umeme kwanza, kisha DI na nyuzi, kisha fundi, kisha mazungumzo na mpiga kinanda, ukisikiliza matokeo ya ibada kadhaa kabla ya kugusa akiba iliyobaki. Kama baada ya hapo kuna noti moja au mbili tu zinazovuma kupita nyingine, ziandike ni zipi na zinavuma mahali gani ukumbini, kisha uniandikie tena pamoja na urefu, upana na kimo cha jengo, na mahali spika zilipo.